Pakiti Moja kwa Watu Wawili

Wasifu wa Yusta ulisomwa kwa dakika nne. Nilipima kwa saa ya mkononi, na shemeji yake alipokunja karatasi nikaitazama saa tena, maana sikuamini kwamba mtu aliyeongea kiasi kile anaweza kumalizwa kwa dakika nne. "Marehemu alisoma shule ya msingi, akasoma sekondari, kisha akaolewa hapa Ludewa, akajaliwa watoto wanne." Kati ya sekondari na kuolewa kulikuwa na mwaka mzima, na mwaka huo tuliuishi wawili, Makambako, chumba kimoja, blanketi moja na nusu. Hakuna aliyeutaja. Watu wa Ludewa hawakuujua, na mimi niliyeujua nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya turubai, natazama viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu. Binti yake wa kwanza alikuja kuniamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," kwa sauti ya mama yake kabisa, nikaitikia huku nikihesabu umri wake kwa vidole nyuma ya mgongo. Nilikuwa naujua. Nilihesabu hivyohivyo.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Kilasi, ng'ambo ya reli. Upepo wa Makambako haubishi hodi. Ulikuwa unaingia chini ya mlango, unazunguka, unatoka juu kwenye dari la magunia kama mpangaji wa tatu asiyechangia kodi. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mbao, na nyuma yake ndipo lilipokuwa jiko la mwenye nyumba, kwa hiyo tulikuwa tunajua anachopika, anayemsema, na mara nyingi kwamba anayesemwa ni sisi. Tulikuwa tunauza viazi. Chakula chetu kilikuwa viazi vilivyokatwa na jembe wakati wa kuchimba, vile ambavyo mteja akiviona anaguna, tukavila na chai ya tangawizi asubuhi na maharage jioni. Tulikuwa tunanunua gunia moja la lumbesa, lile lililoshonewa kofia juu mpaka linaonekana lina mimba, kisha tunaligawana kwa ndoo sakafuni. Sheria ilikuwa moja tu: anayegawa hachagui. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa, kwa kuwa nilikuwa na jicho. Yusta alikuwa anachagua fungu lake bila kutazama sana, anacheka, ananiita Mhasibu. "Mhasibu wangu, ukifa wewe utahesabu misumari ya jeneza." Nikamwambia nitaihesabu mara mbili, mafundi wa siku hizi wanaiba.

Lakini Yusta hakuja Makambako kuuza viazi. Alikuja kusubiri. Juu ya dari, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na barua ya chuo cha uuguzi iliyosema amepata nafasi na aripoti baada ya mavuno. Pamoja na barua kulikuwa na fomu ya uchunguzi wa afya, ya kujazwa na hospitali au zahanati: macho, kifua, damu, na mstari mmoja wa mwisho uliosema "ujauzito", na visanduku viwili mbele yake, ndiyo na hapana. Alikuwa akiitoa mara kwa mara, anaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Sijawahi kuona mtu aliyependa karatasi kama Yusta alivyoipenda ile. Nilikuwa nikimtania kwamba akiwa muuguzi atatudunga sindano bure. Alikuwa anasema, "Wewe nitakudunga mbili, kwa kuwa hutaamini ya kwanza."

Jumatatu moja asubuhi tulikuwa tunachambua viazi, kila mtu kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Yusta ndiye aliyeanza.

"Mhasibu, nina neno."

"Na mimi nina neno."

"Sema wewe."

"Sema wewe, uso wako ndio umekunjamana zaidi."

Akasema. Jumamosi saa mbili usiku, kwa Osmund, fundi seremala wa Ludewa aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Hawakutumia kinga. Osmund alisema atanunua, duka lilikuwa limefungwa, na wao hawakufungwa. Nikacheka, kisha nikasema langu. Jumapili saa nane mchana, nimetoka kanisani kabisa, na Biblia mkononi, kwa karani wa lori la mbao, kijana mwenye koti zuri na maneno mazuri kuliko koti. Hatukutumia kinga vilevile. Tukatazamana juu ya lile gunia tukacheka mpaka Yusta akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka ghafla, akatazama dari.

Nyuma ya ukuta wa mbao Mama Kilasi alikuwa na jirani yake, wanapepeta mchele. Walikuwa hawatusemi sisi, nadhani, lakini walikuwa wanasema jambo letu.

"Siku hizi wanameza vidonge asubuhi yake, kama panadol."

"Hivyo si vya kutoa mimba, mwenzangu?"

"Hivyohivyo. Na vinakausha kizazi. Mtoto wa dada yangu kule Matembwe alimeza, mpaka leo hana kitu."

"Kumbe alimeza?"

"Sijui kama alimeza. Ila hana kitu."

Yusta alinong'ona kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusikia shuleni kuwa havitoi mimba, vinazuia tu isiingie, na vinataka haraka. Nikamwambia abaki na viazi, mimi nitakwenda, kwa sababu kati yetu mimi ndiye niliyejua kuongea na wenye maduka. Hilo lilikuwa kweli. Nimelifikiria sana. Angekwenda yeye, angefanya kama alivyoambiwa, maana Yusta alikuwa mtu wa kuamini maandishi na watu waliovaa makoti meupe.

Nilimaliza biashara kwanza. Nilifika duka la dawa karibu na stendi saa kumi jioni. Muuzaji alikuwa kaka mmoja mwenye sweta la kijani, anamkatia mzee panadol nne kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, kwa sababu ndivyo dawa zilivyouzwa, mbili, nne, kulingana na maumivu na mfuko. Nikasubiri mzee atoke.

"Kaka, kuna dawa ya dharura?"

"Dharura gani, dada? Moto au mafuriko?"

"Ya jana."

Akaacha utani hapohapo, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo. Akaleta kipakiti. "P2. Imebaki hii moja. Nyingine zinakuja Alhamisi."

"Na kama watu ni wawili?"

"Watu wawili, pakiti mbili. Humu mna vidonge viwili na vyote ni vya mtu mmoja, anavimeza pamoja. Haikatwi, dada. Ameze leo, asisubiri kesho. Mwisho siku tatu, na kila saa inayopita dawa inapungua nguvu. Akitapika kabla saa mbili hazijaisha, arudi. Kama mimba ilikwisha kuingia, haimfanyi kitu. Huyo wa pili apande gari la Njombe kesho asubuhi, huko zipo. Au aende hospitali wamwekee kitanzi kwenye kizazi, hicho hata siku ya tano bado kinazuia, tena kinashinda vidonge."

Alisema yote hayo. Ninaweza kuyarudia kama Baba Yetu. Na mimi, niliyejiona mjanja kuliko mji mzima, nilisikia neno moja tu, "haikatwi", nikacheka moyoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisema neno hilo mara ishirini kwa siku. Ndoo haikatwi, mama, chukua nzima. Kisha mama anageuza mgongo, anapiga hatua tatu, ninamwita, ninamkatia. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akimkatia mzee. Kwa hiyo nikajua, kama ninavyojua viazi vya Njombe na vya kwingine, kwamba yale ni maneno ya biashara: anataka watu wawili wanunue mbili. Nikageuza mgongo nikapiga hatua tatu. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe nikanunua, nimekasirika kidogo, kama mtu aliyeshindwa mnada.

Njiani nilihesabu. Yusta: Jumamosi saa mbili usiku mpaka Jumatatu saa kumi jioni, saa arobaini na nne. Mimi: saa ishirini na sita. Nikahesabu tena, nikapata zilezile. Maana yake mimi nilikuwa na saa arobaini na sita mbele yangu, mpaka Jumatano saa nane. Kwa gari, Njombe ni mwendo wa saa moja. Ningeweza kumpa Yusta pakiti yote, nikaondoka alfajiri, nikanunua yangu, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini Jumanne lori lilikuwa linashusha mzigo, na mtu asiyekuwepo anachaguliwa magunia na wengine. Ninaandika hivi bila kupamba: nilijua kwamba muda upo, na niliuacha kwa ajili ya viazi.

Yusta aliuliza jambo moja tu nilipoingia. "Amesemaje?"

"Amesema tuwahi," nikasema.

Nikavikata viwili kwa kisu cha kumenyea, karatasi na foili yake, kimoja huku, kimoja huku, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Vilikuwa sawasawa, vilitoka kiwandani. Hata hivyo Yusta aliinama akavikagua kwa makini ya mteja mgumu, akakisogeza kimoja, akakirudisha, akachukua kingine. "Anayegawa hachagui," akasema, tukameza kwa chai. Karatasi ya maelezo iliyokuwamo ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Niliitumia kuwashia jiko.

Damu yangu ilikuja Ijumaa. Nilikuwa nasubiri kushukuru na badala yake nikaogopa, kwa kuwa nilimwona Yusta anafua kitambaa chake safi, anakianika, anakianua kikiwa bado safi. Nikaanza kufua vya kwangu kwa jirani, mapema, kabla hajaamka. Akiniuliza, "Vipi wewe?" nilijibu, "Bado." Akiniuliza tena kesho yake, "Bado." Alikuwa anapata nafuu kila nikisema neno hilo. Alisema labda ni dawa imetuchelewesha wote, labda ni baridi, labda ni viazi. Tukawa tunalala tumegusana migongo, mwongo na mtu wake. Ilipofika wiki ya tatu alianza kuikimbia harufu ya maharage, na mimi nikaanza kupika nje ili ajidanganye vizuri zaidi.

Fomu ilikuwa haisubiri. Siku ya kuijaza ilipofika nilimsindikiza zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Mbena wa Njombe, kofia imekaa upande. "Kamwene, mabinti," akasema, akapokea ile karatasi kwa mikono miwili kana kwamba alijua inavyopendwa. Macho mazuri. Kifua kizuri. Damu, akapima na virusi vya Ukimwi, akatupima wote wawili, hatukuwa navyo, akasema turudi baada ya miezi mitatu kwa kuwa kidonge cha dharura hakijui habari za virusi. Kisha akampa Yusta kikopo. Alipokirudisha, muuguzi alichovya kile kijiti, akakiweka juu ya meza, akaendelea kuandika. Nilikuwa nakitazama mimi. Mstari mmoja. Kisha mistari miwili. Nikaihesabu tena.

"Lakini tulimeza P2, Sista," Yusta akasema. "Ndani ya siku tatu. Tuligawana."

Kalamu ikasimama. "Mligawana nini?"

"Pakiti. Kimoja yeye, kimoja mimi."

Muuguzi akavua miwani. "Jamani. Ile ni dozi moja, ya mtu mmoja. Ukiigawa, kila mtu amemeza nusu ya kinga, na nusu ya kinga ni sawa na nusu ya paa." Akanigeukia. "Na wewe? Zako zimekuja?"

Nikatazama sakafu. Nikasema zilikuja. Akauliza lini. Nikasema Ijumaa ile ile.

"Basi ulikuwa karibu na siku zako. Wewe hata ungemeza pipi zingekuja."

Yusta akanitazama. Niliona anafanya hesabu yake, polepole, kwa namna yake. "Wiki zote hizi," akasema, "umekuwa unaniambia bado, ili nisiwe peke yangu?" Akanishika mkono, akaubana. Nilitamani anipige kibao.

"Nani aliwaambia mgawane?" muuguzi akauliza. "Aliyewauzia hakusema kitu?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Yusta akaniwahi. "Hakuna aliyetuambia, Sista. Tuliamua wenyewe, ilikuwa imebaki moja." Muuguzi akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nami nikafanya ninachokijua. Nikaanza kupatana.

"Sista, si unaweza kuandika tarehe ya mwezi uliopita?"

"Siwezi."

"Basi mstari huo uache wazi. Wataujaza wenyewe chuoni."

"Binti."

"Au andika alipimwa macho na kifua, mengine atarudi. Sista, ni kisanduku kimoja tu, nisaidie, hata wewe ulianza hivihivi..."

"Binti, hapa si sokoni." Hakusema kwa ukali. Akaweka alama katika kisanduku cha kwanza, akapuliza wino ukauke, akapiga muhuri. Yusta akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Sista."

Chuo hakikumchukua. Barua ya kuahirisha tuliandika mbili, ya pili kwa mwandiko wangu, na hatukupata jibu. Kulikuwa na mwanamke mmoja upande wa pili wa mji aliyesemwa kwamba anasaidia. Yusta alikaa siku tatu akiwaza, kisha akasema anaogopa kufa kuliko anavyoogopa Ludewa. Osmund hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya kila kitu kiwe kigumu kukilaumu. Alikuja na kaka yake, amevaa shati lililopigwa pasi, akasema atamwoa, akasema chuo kipo tu, atakwenda baadaye. Yusta alikubali kwa kichwa. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Mama Kilasi nyuma ya ukuta alimwambia jirani, "Si nilisema? Vidonge havifai." Nikataka kupasua ule ukuta kwa panga nimwambie kwamba vidonge havina kosa.

Siku hizi wasichana wananijia dukani kwangu, wananunua kilo mbili za viazi wasizozihitaji, kisha wananiuliza wakiwa wameinamisha kichwa. Nimekuwa maarufu kwa jambo hilo. Ninawaambia: zote, mtu mmoja, leo hii, na kama ulilazimishwa au hujui hali ya mwenzako, kimbia hospitali kabla ya siku tatu, kuna dawa ya kukinga virusi pia. Zisipokuja kwa wiki nzima baada ya siku yake, ukapime. Ninawafanya warudie mbele yangu. Wengine wananiona kichaa. Nimewaambia wengi, sitasema wangapi ingawa ninajua, na hakuna hata mara moja ambayo nilitoka hapo nikajisikia mwepesi. Idadi haipunguzi kitu.

Siku Yusta alipokwenda kuolewa nilimsindikiza mpaka Njombe, kwenye gari la Ludewa. Safari ileile ya saa moja. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, misonobari inaonekana mashina tu. Kutoka tuliposhukia mpaka gari lake liliposimama nilipita maduka ya dawa matatu. Niligeuka nikayahesabu tena. Matatu, yote wazi, moja lina mwanamke anafagia mlangoni. Yusta alibeba begi na mfuko wa viazi nilivyomchagulia, vizima vyote, hakuna kilichoguswa na jembe. Alikaa dirishani, akafungua kioo kwa shida, akatoa uso nje. Alikuwa amevimba kidogo na alikuwa mzuri.

"Mhasibu," akasema, "nataka nikuambie jambo kabla hatujaondoka. Pakiti ulikuwa umeishika wewe. Ungeweza kumeza vyote viwili njiani, ukaniambia zimekwisha dukani. Mtu mwingine angefanya hivyo. Mimi mwenyewe sijui kama nisingefanya. Sitasahau."

Kondakta alikuwa bado anafunga mizigo juu. Dereva alipiga honi, akapiga ya pili, halafu akashuka kununua mahindi ya kuchoma, akachagua, akabishana bei, akapewa mengine, akarudi. Mama mmoja alipandisha kuku, wakamwambia amshushe, akampandisha tena. Uso wa Yusta ulikuwa bado dirishani, unanisubiri.

"Usijali, mwenzangu," nikasema.

Muda ulikuwepo.